Mwalimu wa Nyuma ya Ukuta

Ilomba, Ijumaa, mwezi wa Juni

Baridi ya leo inakata masikio. Mlima Loleza haukuonekana mpaka karibu saa tano, na majani ya viazi nyuma ya nyumba yameungua kwa umande ulioganda. Nimewasha jiko la mkaa, nimejifunika blanketi la mume wangu, na bado vidole havitaki kushika kalamu.

Nina hasira. Naliandika hilo kwanza, nisije nikaanza kuzungukazunguka kama kawaida yangu.

Wifi yangu Sekela ameondoka leo alfajiri kwenda Iringa kuanza kazi. Kazi hiyo ni yangu. Sisemi hivyo kwa sababu naitamani, ingawa naitamani. Nasema hivyo kwa sababu mgonjwa aliyempatia kazi hiyo nimemfundisha mimi, neno moja baada ya jingine, tangu mvua za masika zilipokuwa zimepamba moto, nikiwa nimekaa nje kwenye kigoda na mgongo wangu ukutani.

Mgonjwa mwenyewe ni baba mkwe wangu. Jina lake siliandiki hata humu, ambamo hakuna asomaye ila mimi.

Mwaka jana hospitali ya misheni ilitafuta wanawake wawili wanaojua kusoma, wapelekwe Iringa kujifunza kuwasaidia watu wenye shida ya kusema. Watoto wenye kigugumizi, waliozaliwa na mdomo uliopasuka, wazee waliopigwa na kiharusi ulimi ukalala. Mimi nilikuwa mhudumu wa wodi, nikachaguliwa mara moja. Sekela alikuwa amerudi kwao baada ya ndoa yake kuvunjika, hana mtoto, hana shamba, anashinda amekaa mlangoni akisuka na kufumua nywele zake mwenyewe. Nilikwenda mara mbili kwa Sista aliyesimamia mafunzo hayo kumwombea nafasi ya pili. Mara ya kwanza nilikataliwa. Mara ya pili nilimwambia Sista kwamba wifi yangu ana moyo wa huruma, na wakati ule nilikuwa naamini nisemalo.

Iringa tulikaa miezi sita katika chumba kimoja. Jumamosi tulishuka mpaka Ipogolo kufua mtoni, tukaanika nguo juu ya mawe, tukala mahindi ya kuchoma huku tukisubiri zikauke. Sekela alikuwa akiwaigiza wote, Sista, mpishi, hata mimi ninavyoinamisha kichwa ninapomsikiliza mgonjwa. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu. Sijawahi kuwa na ndugu wa kike, na mle chumbani nilidhani nimempata.

Tulifundishwa kwa mshumaa na kioo. Mgonjwa anatamka herufi mbele ya mshumaa, wewe unatazama kama mwali unacheza au umetulia. Anajitazama kwenye kioo aone midomo yake inafanya nini. Sekela aliyaweza hayo yote, maana haogopi kumshika mtu kidevu. Mimi niliweza kusikiliza. Sista alikuwa akinigeuza niangalie ukuta, kisha mtoto anasema, nami nataja ni wapi ulimi umekwama. Mara nyingi nilipata.

Pale pale palikuwa na benchi la pili, la wanaume waliojifunza kuwashauri vijana wanaomaliza darasa la nane wachague kazi gani. Mmoja wao ni Bwana Salehe, mtu wa Mbeya mjini ambaye babu yake alitoka pwani na misafara. Alihitaji watu wa kujifunzia, akatukalisha mimi na Sekela, akatuuliza maswali marefu kutoka kwenye karatasi yake, kisha akatoa hukumu.

“Dada Tupokigwe,” aliniambia, “wewe una sikio na una subira. Kazi hii usiiache, hata wakikufukuza rudi kwa mlango wa nyuma.”

Sekela akaambiwa angefaa kuuza dukani. Alicheka sana. Leo nikikumbuka kicheko kile, nadhani alikuwa ameumia.

Baba mkwe alianguka tukiwa bado Iringa. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukafa nusu, na maneno yote yakapotea isipokuwa moja. Akiulizwa kama anataka maji, anasema “Ee.” Akiulizwa kama hataki maji, “Ee.” Ndugu wakamtoa Rungwe wakamleta hapa Ilomba, wakamjengea nyumba ya mianzi na udongo hatua chache kutoka kwangu, ili awe karibu na hospitali. Mama mkwe alishafariki zamani. Mume wangu yuko kwenye migodi ya shaba ya Kopabelti, ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo tuliporudi, Sekela akahamia kwa baba yake kumwangalia.

Mimi sikuweza kuingia.

Kwetu sisi Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe. Haingii nyumbani mwake, hasemi naye, hatamki jina lake, na akimwona anakuja njiani anaingia majanini mpaka apite. Naye mzee hamtazami mke wa mwanawe wala hamtaji. Kanisani wapo walioyaacha mambo hayo, na Sista anayaita ushirikina. Mimi sikuyaacha. Niseme ukweli, si kwa heshima tu. Nilipenda watu wanavyonisifu, kwamba msomi yule, mvaa viatu yule, bado anajua kumkwepa mkwewe. Nilijivunia jambo hilo, na Sekela alijua kwamba najivunia.

Basi ndipo tukabuni ile njia yetu. Sekela anakaa ndani na mzee, ana kioo na mshumaa. Mimi nakaa nje nyuma, kwenye kigoda, sikio langu likiwa kwenye mianzi pale udongo ulipobanduka. Nagonga ukuta kwa mwiko wa kupikia mara tatu, somo linaanza. Nasema kwa sauti ya chini, na maneno yangu ni ya Sekela, siyo ya mzee, kwa hiyo mwiko wa kwetu haujavunjwa. Sekela anamwambia. Mzee anajaribu. Mimi nasikia ulimi umekwama wapi, nasema tena.

Wiki tatu za mwanzo hatukupata kitu. “Ee,” asubuhi mpaka jioni. Sekela akachoka, akawa anapiga miayo mpaka naisikia nje. Ndipo jioni moja nikasikia ng'ombe wa jirani wakirudi zizini, na mle ndani mzee akatoa sauti. Hakuwa anasema, alikuwa anaita. Ile sauti ya kuvuta, ya kuwaita ng'ombe mmoja mmoja, ilitoka nzima kabisa, haina maneno, lakini mapigo yake yote yamo. Nilisimama pale nje nikalia kwa furaha.

Kesho yake nikamwambia Sekela tuwarudishe ng'ombe wa mzee. Alikuwa nao sita huko Rungwe, na kila mmoja ana jina. Nikagonga yale mapigo ya kuita kwa mwiko, Sekela akaita jina juu yake, mzee akafuata. Wa kwanza kurudi alikuwa Sabuni, jike jeupe. Siku tatu alisema “Sa, Sa, Sa.” Siku ya nne alisema “Sabuni” na akagonga ukuta kwa fimbo yake mara tatu, kama mimi ninavyogonga. Tangu siku hiyo akawa ananigongea yeye wakati wa somo ukifika.

Walipokwisha rudi wote sita, tukaongeza maji na chumvi, kisha nikatafuta jina la mtu. Ulimi wake ulishaizoea ile sauti ya mwanzo ya Sabuni, nikaona tusiihangaishe. Isitoshe ni mwanawe, ndiye anayemlisha, nilitaka amfurahishe. Nikachagua Sekela.

Mimi nililichagua hilo jina. Hakuna aliyenilazimisha.

Alipolitamka mara ya kwanza, Sekela alitoka nje mbio akanikumbatia, machozi yanamtoka. Alisema, “Wifi, umenirudishia baba yangu.” Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu sasa nayahitaji, na hakuna shahidi mwingine aliyeyasikia isipokuwa kuku.

Jumatano wiki hii alikuja Bibi Mkaguzi kutoka mbali, Mzungu mwembamba anayekohoa, kutupima. Nafasi ilikuwa moja, msaidizi wa kudumu kule Iringa, mwenye chumba chake na sare yake. Sista alishatuambia kwamba wanafunzi wawili wanaruhusiwa kumleta mgonjwa mmoja, mradi kila mmoja aeleze alichofanya. Mimi na Sekela tukapatana. Yeye aingie na mzee, aonyeshe. Mimi nitakuwa kwenye baraza nyuma ya mlango. Atamweleza Bibi kwamba mwenzake yuko nje kwa sababu ya desturi, kwamba masomo yote yametungwa na mwenzake, na wamtoe mzee kwanza ndipo mimi niingie. Tulilirudia jambo hilo usiku na asubuhi. Mzee alitangulizwa kwa machela, na njiani Sekela alinishika mkono.

Nikasimama nyuma ya mlango. Ndani palikuwa na meza, picha ya Malkia ukutani, na Bwana Salehe ameketi kama mkalimani na karatasi mbele yake. Niliyaona hayo kabla mzee hajaingizwa. Baada ya hapo niligeuza uso.

Nilisikia kila kitu. Ng'ombe wote sita. Maji. Chumvi. Sekela akasema, “Nilianza na sauti anayoitia ng'ombe.” Nikasubiri aseme “mwenzangu”. Akasema, “Nikagonga mapigo kwa mwiko.” Nikasubiri. Akasema nikafanya hivi, nikaona vile, nikaamua hivi, na kila “ni” yake iliingia mwilini mwangu kama sindano. Sikuamini. Kwa muda mrefu nilijipa moyo kwamba atanitaja mwishoni, kwamba anapanga tu hadithi yake.

Bibi Mkaguzi akamgeukia mzee. Nilisikia Bwana Salehe akitafsiri, “Mzee, nani aliyekufundisha maneno haya?”

Fimbo ikagonga sakafu mara tatu.

“Sekela,” alisema baba mkwe.

“Sekela peke yake?”

“Ee.”

Kisha likaitwa jina langu. Na mzee bado yumo ndani. Sekela alikuwa anamfunga blanketi. Nilisikia pini ya blanketi ikifunguka na kufungwa, ikifunguka na kufungwa. Jina langu likaitwa mara ya pili. Sekela akasema, “Baba, weka mkono hapa. Siyo huo. Huu.” Mimi najua blanketi lile linafungwa kwa muda gani, maana pini niliinunua mimi. Jina likaitwa mara ya tatu.

Sikuingia. Sikujibu hata kwa nje, maana sauti yangu ingekuwa imemwendea mzee. Nilisimama na midomo imefungwa, mimi niliyefundishwa miezi sita kufungua midomo ya watu.

“Hajaitika,” alisema Bwana Salehe.

Hakusema uongo. Lakini aliketi akiutazama mlango, na chini ya mlango ule miguu yangu inaonekana, na viatu vyangu anavijua.

Jana majibu yalisomwa. Sekela amefaulu, anahitajika Iringa haraka. Mimi sikuhudhuria. Nilimfuata Bwana Salehe ofisini, nikamweleza yote, mwiko, ukuta, ng'ombe. Alinisikiliza kwa adabu, hilo simnyimi. Kisha akanyoosha karatasi zake.

“Dada yangu, nakuamini,” alisema. “Lakini mgonjwa mwenyewe amemtaja mtu. Nimwambie nini Bibi, kwamba mgonjwa hajui aliyemfundisha? Pale sokoni Mbalizi kuna mama anatafuta mshonaji. Mkono wako ni mzuri. Nikuandikie barua?”

Mtu yule yule aliyesema nirudi kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa mlango wa nyuma tangu mwanzo, Bwana Salehe. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia asante, nikaondoka, na njia nzima nikajichukia kwa ile asante.

Sekela nilimkuta anapanga nguo. Nilitaka kupiga kelele, ikatoka sauti ndogo ya mgonjwa. Nikamwuliza kwa nini.

“Sasa wifi, ulitaka nisemeje pale?” alisema bila kunitazama. “Kwamba kuna mtu anafundisha ukuta? Yule Mzungu angecheka, tungekosa wote.”

Nikamwambia hata jina langu hakulitaja.

Hapo akanitazama. “Wewe una mume, anakuletea vitenge. Una kaya, wodini watakurudisha. Mimi nina nini? Nikae hapa nimfute baba mate mpaka afe, halafu niende wapi? Na mimi ndiye niliyekaa mle ndani, Tupokigwe. Harufu ya mle ndani wewe huijui.”

Hilo la mwisho ni kweli, na limeniuma kuliko mengine. Mimi nilikuwa na hewa safi na kigoda changu na sifa zangu za mkwe mwema. Yeye alimbeba mzee, alimwogesha, alimshika kidevu. Kama angeniomba, huenda ningemwachia kazi ile. Najaribu kuandika ningemwachia bila huenda, lakini kalamu inakataa.

Hakuniomba. Alichukua kile ninachokiheshimu akakitumia kunifungia mlango. Alijua kabisa sitaingia. Ndugu wa damu au wa ndoa, sijui mtu anamjuaje mwenzake kiasi hicho kisha anamfanyia hivyo.

Alfajiri nimelisikia lori likimngoja barabarani. Hakuja kuniaga. Ameacha kioo na mshumaa kizingitini kwangu, vimefungwa kwenye kitambaa chake cha kichwa. Daftari la masomo, lenye mwandiko wangu kila ukurasa, amekwenda nalo.

Binamu yao mmoja kaja kumwangalia mzee kwa sasa. Mimi nimeshinda ndani. Nimechambua maharage yaliyokwisha chambuliwa. Na kwa yule mzee pia nilikuwa na hasira, tena nyingi, kwa sababu anajua. Anajua mwiko unagongwa nje. Anajua sauti ilikuwa inatoka wapi. Aliulizwa mbele ya watu na akanifuta.

Saa kumi jioni, wakati wetu, nikasikia fimbo ukutani. Mara tatu.

Sikutoka. Ikagonga tena mara tatu. Kisha akaanza mwenyewe. Sabuni. Wengine watano, mmoja mmoja. Maji. Chumvi. Sekela. Akanyamaza. Akarudia kutoka mwanzo, Sabuni mpaka Sekela, na akifika hapo ananyamaza, kama mtu aliyefika mwisho wa ngazi akakuta hakuna kipago kingine. Alirudia mara nne.

Na mimi nikiwa na maharage mkononi nikaelewa nilichokuwa nimekisahau kwa hasira ya siku tatu. Hayo ndiyo maneno yake yote. Hana mengine. Jina langu hajui kulisema, na hata angejua asingelitaja, kwa desturi ile ile niliyoishika mimi. Ameulizwa ni nani, akatafuta ndani ya kapu nililomjazia mwenyewe, likatoka jina la mtu lililokuwamo. Akaulizwa ni Sekela peke yake, akasema ee, kama anavyosema kwa maji na kwa kutokuwa na maji.

Miezi yote ile sikumfundisha kukataa.

Nilifundisha ng'ombe. Nilifundisha chumvi. Nilimwacha mtu mzima hana neno la kukataa, kwa sababu aliyekuwa akisema ee kwa kila kitu alikuwa rahisi kumwuguza, na rahisi kumsifia mwalimu wake. Au labda kwa sababu hata mimi silijui vizuri neno hilo. Nilimwambia Bwana Salehe asante.

Hasira kwa Sekela haijapoa, na siioni ikipoa upesi. Sijui kama mzee anajua alichokifanya Jumatano. Labda anajua. Labda akipata neno atalitumia, labda atamlinda mwanawe, na hapo nitakuwa nimesalitiwa na wawili badala ya mmoja. Naogopa jambo hilo kuliko nilivyoogopa mtihani.

Lakini kesho saa kumi nitabeba kigoda changu. Binamu yao hajui kufundisha, kwa hiyo hakuna wa kunisemea, itabidi maneno yangu yapite kwenye mianzi yaende kwake moja kwa moja. Watu watasikia. Waseme. Nitaanza na neno letu la nyumbani la kukataa, ambalo halihitaji mshumaa wala kioo, unafunga midomo tu na kuifungua. *Mma.* Tutalirudia mpaka litoke, kama ni wiki, kama ni mwezi.

Likishatoka, nitamwuliza kwa sauti yangu mwenyewe: Baba, ni Sekela peke yake?